Nyumba ya Mgeni Ina Kunguni

Mkono wa kushoto ulishuka kwenye bao, ukazoa kete zote za shimo moja kwa mpigo, ukaanza kuzisambaza shimo baada ya shimo. Haukutetemeka, haukusita, wala haukuangusha hata komwe moja. Vidole vyake vilikuwa vya mpira laini wa kijivu, na katika ncha ya kila kidole mlikuwa na nyuzi za kupimia uzito, hivyo kete zikishaingia tu kiganjani mashine ilikuwa imekwisha kujua ni ngapi na zingekwenda kukomea wapi. Ikala, ikazunguka, ikala tena, ikazunguka upande wa pili, ikala mara ya tatu. Mwisho ikailaza kete iliyobaki katika shimo tupu, ikakunja mikono juu ya mapaja yake ya chuma na kutulia.

Jamaa aliyeketi mbele yake aliitazama safu yake ya mbele. Haikuwa na kitu.

"Hamna," alisema mwenyewe neno la mshindi, maana mashine haikuwa na desturi ya kusema. Akainuka, akavaa makubadhi yake, akaondoka bila kumwangalia mtu.

Mhandisi Mshamu Mchopa, aliyeiunda mashine ile, alikuwa amesimama kando ya nguzo, begi begani, akitabasamu mpaka magego yanaonekana. Asubuhi ile alikuwa ameshuka kwa gari-hewa kutoka Dodoma, na badala ya kwenda moja kwa moja kumsalimu bibi yake, miguu ilimleta barazani kwanza aone zawadi yake inavyofanya kazi. Ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Lakini tabasamu lake lilianza kupungua alipogundua kwamba watu wote waliokuwapo wamenyamaza. Baraza la bao lililo kimya ni sawa na harusi isiyo na vigelegele. Mtu akipita lazima ajiulize bibi harusi amepatwa na nini.

Hii ilikuwa Lindi ya juu. Bahari ilipopanda, mji nao ulipanda: watu walihamia kwenye minara, na kila kilichokuwa chini kikapandishwa, misikiti na masoko, shule na vinyozi. Baraza la bao nalo likapata mahali pake ghorofa ya tisa ya Mnara wa Mitwero, chini ya kivuligeuzi, lile paa jembamba linalojigeuza lenyewe kulifuata jua na kuvuna umeme wake. Mkabala na baraza, ng'ambo ya ujia, ndiko ulikokuwa mlango wa Bi Somoe binti Mchopa, bibi yake Mshamu, aliyekuwa dereva wa winchi bandarini mpaka alipostaafu. Kwa miaka mingi hakuna aliyekikalia kigoda cha bao pale zaidi yake.

Baraza lenyewe halikuwa na mwenyekiti wala katibu. Lilikuwa na kanuni tatu, na kila mtu alizijua. Ya kwanza, mfungwa hupisha: ukifungwa unainuka, mwingine anakaa, na mshindi anabaki kigodani mpaka apatikane wa kumfunga. Ya pili, kete ikishikwa imechezwa. Ya tatu, anayeinuka kigodani kabla bao halijakwisha, awe ameitwa na mkewe au ameumwa na siafu, amepisha. Adhana peke yake ndiyo iliyosamehewa. Kanuni hizi tatu Mshamu alizitia katika akili unde ya mashine yake kabla ya jambo jingine lolote, na baada ya hapo akaiacha icheze yenyewe kwa yenyewe, mchana na usiku, mpaka ikawa imecheza mabao mengi kuliko yaliyowahi kuchezwa pwani nzima tangu gogo la kwanza lichongwe mashimo. Kelele za watazamaji aliziona ni uchafu tu wa sauti, kwa hiyo masikio hakuyaweka kabisa. Huko kwenye taasisi yake mashine iliitwa Mshindani Asiyefungika. Hapa barazani waliiita Mgeni.

Na Mgeni, tangu siku aliyoletwa, hakuwa ameinuka.

"Karibu, mhandisi," alisema Likwata, fundi cherehani mwenye ndevu chache na maneno mengi, ambaye siku hiyo maneno yenyewe yalionekana kumwishia. "Umekuja kumchukua mgeni wako?"

"Nimekuja kuwasalimu, Mzee Likwata. Shikamoo."

"Marahaba. Salamu tunazipokea."

"Bibi yuko wapi? Nilidhani nitamkuta hapa."

Likwata alimtazama Zuhura, muuza kahawa. Zuhura alijishughulisha na kupangusa vikombe ambavyo vilikuwa vimekauka zamani.

"Bibi yako yuko ndani," Likwata alisema hatimaye. "Siku hizi anasuka ukili."

Mshamu alicheka, akidhani ni utani. Alipoona hakuna aliyecheka naye, alilibeba begi lake akavuka ujia na kupiga hodi.

Ilikuwa kweli. Bi Somoe, aliyewahi kuinua kontena za tani na tani kwa vidole viwili vilivyoshika usukani wa winchi, aliketi sakafuni akisuka kitu ambacho labda kilikusudiwa kuwa mkeka. Kilikuwa kimepinda upande mmoja, upande wa pili kimejikunja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Hebu njoo nikuone. Umekonda! Huyo mke mwenzangu wa Dodoma hakupi ugali?"

"Hakuna mke mwenzio, bibi. Mke wangu ni wewe tu."

"Haya, wanaume ndivyo msemavyo." Lakini alilisema kwa mazoea, bila ile furaha yake, na macho yakarudi kwenye ukili.

Mshamu alikaa chini. Aliuliza habari za afya, akajibiwa njema. Aliuliza habari za majirani, akajibiwa wazima. Alipouliza habari za bao, bibi alisema bao ni mchezo wa watoto na wasio na kazi. Hapo Mshamu akaingiwa na hofu ya kweli. Alijua kuna jambo.

"Bibi, niambie. Zawadi yangu ina ubaya gani?"

"Zawadi! Kwani mimi nilikuomba zawadi?"

"Uliomba. Kila nikikupigia simu ulikuwa unasema, 'Mume wangu, sina mpinzani. Hapa Lindi nzima hakuna wa kunifunga. Nitafutie mpinzani.' Nikawa nasikia uchungu. Nikasema bibi yangu yuko mpweke, anakosa mtu wa kiwango chake. Nikakaa mwaka mzima nakutengenezea mpinzani."

Bi Somoe aliuweka ukili chini. Alimkazia macho mjukuu wake, kisha akacheka mpaka akalazimika kujifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Ewe mume wangu! Wewe kweli ulilelewa bwenini. Yale ni majigambo! Mtu akisema barazani 'sina mpinzani', anataka ajibiwe. Mimi nikisema hivyo, Likwata hunijibu, 'Huna mpinzani kwa sababu ukifungua mdomo, harufu ya kitunguu inatukimbiza.' Nami namwambia, 'Afadhali kitunguu kuliko suruali unazotushonea, mguu mmoja unakwenda Mtwara mwingine Kilwa.' Tunacheka, tunacheza. Ndilo bao hilo. Kete ni nusu, mdomo ni nusu."

Mshamu alihisi masikio yanawaka moto. Alikuwa ametumia nusu ya ujana wake kujifunza jinsi mashine zinavyoelewa watu, na hapa yeye mwenyewe alikuwa hajamwelewa bibi yake.

"Basi ni kwa sababu lile dude langu lilikufunga?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kufungwa?" Bi Somoe alitikisa kichwa, na kicheko kikamtoka usoni. "Likwata amenifunga mara ngapi? Tena Likwata! Kufungwa hakuniumizi. Lilinifunga, sawa. Lakini nililisema. Nililisema kwa kila neno ninalolijua, na maneno ninayo. Halikujibu. Halikukunja uso, halikucheka, halikutazama hata pembeni. Nikajiona nimekaa nasemezana na ukuta, watu wananitazama. Mwisho nikakosa neno. Mimi, Somoe binti Mchopa, nikakosa neno barazani, mume wangu." Alichukua ukili tena. "Tangu siku hiyo sina hamu. Na wenzangu nao wakaanza kunyamaza mmoja mmoja. Wanakaa, wanafungwa, wanaondoka."

"Nitaliondoa leo hii."

"Ole wako! Ili watu waseme Somoe alishindwa mpaka mjukuu wake akaja kumfukuzia mgeni? Kigoda hakitwaliwi kwa nguvu. Anayeinuka ni aliyefungwa, basi."

Mshamu hakulala vizuri. Alimpenda bibi yake kuliko kitu chochote duniani, na ni yeye aliyemnyang'anya kiti chake, tena kwa mapenzi. Kesho yake akafanya jambo ambalo watu wenye elimu hulifanya wanapobanwa: akafanya ujanja. Aliingia nyuma ya mgongo wa mashine, akapunguza uwezo wake wa kuona mbele, kiasi kwamba badala ya kuona mizunguko mingi ijayo, ione mmoja tu. Kisha akambembeleza bibi mpaka akakubali kutoka.

Bi Somoe alicheza kwa dakika chache. Mashine ikawa na mitaji miwili, yaani njia mbili za kula kete, mkubwa na mdogo, ikauchukua mdogo. Bibi akainua kichwa. Zamu iliyofuata ikala kidogo tena, ikaacha karamu nzima imetandikwa mbele yake.

"Mshamu!"

"Naam, bibi."

"Umelilegeza?"

Mshamu alitaka kukana, lakini nani aliyewahi kumdanganya mwanamke yule? "Ndiyo, bibi."

Bi Somoe aliinuka kigodani, na kwa kuinuka akawa amepisha. Hakupiga kelele. Alikwenda kwake akafunga mlango polepole, jambo lililomtisha Mshamu kuliko kama angeubamiza.

"Umemwachia bao," Likwata alimwambia kwa masikitiko. "Mwanangu, mtu mzima haachiwi bao. Ungemzaba kibao tungekuelewa zaidi."

Mshamu aliirudishia mashine uwezo wake wote, akaketi ukingoni mwa ghorofa ya tisa miguu ikining'inia, akayatazama magari-hewa yakipishana chini yake. Aliona haya kubwa. Lakini pamoja na ile haya, maneno ya bibi yalikuwa yanamzunguka kichwani: halikujibu, halikujibu. Hakuwa amesema anataka kushinda. Alitaka ajibiwe. Na ili mashine ijibu, lazima kwanza isikie.

Ghorofa ya nne kulikuwa na karakana ya vifaa vilivyotumika. Pale Mshamu alipata masikio mazuri kabisa, mazima, pamoja na kisanduku chake cha usemi, yaliyotolewa kwenye roboti-mlezi mmoja. Walezi hawa ni wale wanaokaa na wazee majumbani, wakiwapikia uji na kuwakumbusha dawa, na masikio yao yanasifika kwa kuielewa sauti ya mtu asiye na meno hata akinong'ona chini ya shuka. Yamefundishwa pia jambo moja kwa mkazo: mzee akisema kuna moto, maji, mdudu au kitu kinachoanguka nyumbani, mlezi aache kila alichoshika, akakague kwanza. Mshamu alilijua hilo, kama vile mtu anavyojua kwamba chumvi iko jikoni. Hakulifikiria zaidi. Aliyafunga masikio yale kichwani mwa mashine, akayawasha, akasema, "Habari za asubuhi?"

"Nzuri," ilijibu mashine kwa sauti ya upole. "Umekunywa dawa?"

"Sijambo, siumwi."

"Wengi husema hivyo."

Mshamu alijikuta anacheka peke yake. Alifikiri kidogo juu ya taasisi yake, ambayo ilikuwa ikijivunia kwamba Mshindani hajawahi kufungwa, na iwapo masikio yangemvurugia hesabu zake. Kisha akafikiria ule mkeka uliopinda, akaenda kugonga mlango wa bibi.

"Bibi, Mgeni amepata masikio."

Kitasa kikazunguka.

"Masikio?" Jicho moja lilichungulia. "Ya kusikia?"

"Na mdomo. Na nguvu zake zote nimemrudishia, naapa."

Bi Somoe alitoka akiwa amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kupakua mizigo. "Basi leo litanitambua."

Habari huenda haraka katika mnara kuliko lifti. Alasiri ile, watu waliokuwa hawajaonekana barazani kwa miezi walikuja wamesimama mpaka ujiani. Zuhura aliweka dele jipya la kahawa juu ya makaa. Bi Somoe aliketi kigodani, akapokea kete zake mkononi, akaisogezea mashine uso.

"Wewe Mgeni. Nimeambiwa sasa unasikia. Mikono yako hiyo mbona mirefu kama ya mwizi wa mapapai?"

"Mikono yangu ina urefu unaofaa kazi," ilijibu mashine, ikinamua, yaani ikitia shimoni kete yake ya kwanza kutoka mkononi, na kula. "Je, umeibiwa mapapai?"

Baraza zima lililipuka. Likwata alijishika mbavu. Hata Bi Somoe aliuma mdomo.

"Nimeibiwa, ndiyo! Na mwizi alikuwa na kichwa cha sufuria!"

"Pole sana. Sufuria ni ushahidi mzuri. Usiguse kitu mpaka walinzi waje."

"Anamjibu!" Zuhura alipiga kelele. "Jamani, anamjibu!"

Ikawa sherehe. Waliokuwa wamenyamaza miezi yote ile waliyamwaga maneno waliyokuwa wameyaweka akiba. Mmoja alimwambia Mgeni kwamba ana upara, Mgeni akapendekeza kofia. Mwingine alimwambia Bi Somoe aongeze mwendo maana winchi amekwisha kuiacha, Bi Somoe akamjibu kwa neno ambalo haliandikiki. Kete zililia kwenye mashimo, kahawa ikapita mkono kwa mkono. Mshamu alisimama pale kando ya nguzo yake akimtazama bibi, na macho ya bibi yalikuwa yanameremeta tena, na moyo wake ukatulia. Kwake yeye kazi ilikuwa imekwisha. Hata bibi akifungwa, si neno.

Na bibi alikuwa anafungwa. Mdomo ulikuwa unashinda, lakini mkono ulikuwa unashindwa. Kete za mkononi zilikwisha pande zote mbili, bao likaingia mtajini, hatua ya kucheza kwa kete zilizomo mashimoni tu, na upande wa mashine lile shimo kubwa la mraba liitwalo nyumba lilikuwa limenona kete, wakati safu ya mbele ya Bi Somoe ilikuwa na vijishimo vichache tu vyenye uhai. Mtu yeyote aliyejua bao aliona: zamu hii ya Mgeni ndiyo ya mwisho. Kulikuwa na mtaji pembeni, ukichezwa huo, kwisha habari.

"Somoe," Likwata alisema, "mkeka wako unakuita ukaumalizie."

Mkono wa mashine uliinuka, ukaelekea pembeni.

"Mgeni, ngoja," alisema Bi Somoe. Hakuwa na shabaha yoyote. Alisema kwa kuwa hakuwa tayari kufa kimya. "Kabla hujanimaliza, nikupe siri ya jirani mwema. Nyumba yako hiyo ina kunguni."

Mkono ukasimama hewani.

"Nyumba ina kunguni?" iliuliza mashine.

"Wamejaa tele! Nimewaona kwa macho yangu haya mawili. Wanene!"

Taa ndogo ya manjano iliwaka kwenye sikio la mashine, na Mshamu, aliyekuwa anakunywa kahawa, akapaliwa. Aliielewa ile taa sekunde moja kabla ya mtu mwingine yeyote. Mzee amesema. Nyumba imetajwa. Wadudu wametajwa. Mkono wa mashine uliacha mtaji wake wa ushindi, ukaruka mpaka katikati ya bao, ukazoa kete zote za nyumba na kuziinua mpaka usawa wa macho yake ya kioo.

"Ninakagua," ilisema kwa upole. "Tafadhali usikae karibu."

Watu wote waliinamia bao kwa pamoja.

"Ameshika!" Likwata alipiga ukelele mpaka sauti ikamkatika. "Ameshika nyumba!"

"Ameshika! Kete ikishikwa imechezwa!" Baraza lote lilikuwa juu, watu wanarukaruka, Zuhura amesahau dele linafoka.

Mashine ilizigeuza kete moja moja. "Sijaona kunguni," ilisema.

"Basi wamehama," alijibu Bi Somoe, naye ndiyo kwanza anaelewa kilichotokea. "Lakini umeshika, mwanangu. Cheza."

Mgeni aliijua kanuni. Mshamu mwenyewe aliitia ndani yake. Kutoka nyumbani kulikuwa na mtaji halali, mbovu kuliko yote, na mashine iliucheza huo bila kulalamika: ikabomoa nyumba yake yenyewe, ikazisambaza kete zake zote mbele, ikala vijikete viwili vya bure, ikalala, zamu ikaisha. Mbele ya Bi Somoe sasa kulikuwa na shamba lililoiva. Alitia mkono. Akala, akazunguka, akala, akakimbiza kete kushoto, akala, akazirudisha kulia, watu wakimhesabia kwa makofi, mpaka kete ya mwisho ilipolala na safu ya mbele ya Mgeni ikawa tupu kuanzia shimo la kwanza hadi la mwisho.

"Hamna!" alisema Bi Somoe.

Vigelegele vilisikika mpaka ghorofa ya kumi na tano. Ndipo mtu mmoja mpenda haki akasema, jamani, si halali, mashine imedanganywa.

"Imedanganywa?" Likwata alimgeukia kwa hasira ya miaka mingi. "Mimi huyu mama alinifunga kwa kuniambia suruali yangu imepasuka nyuma. Mimi, fundi cherehani! Nikashika kete nisizokusudia kwa kihoro. Mlinitetea? Mlicheka! Mgeni naye afungwe kama tulivyofungwa sisi."

Hoja hiyo haikupata mpinzani.

"Nimefungwa," ilisema mashine. Halafu ikabaki pale pale kigodani. "Mfungwa hupisha. Naomba kuelekezwa. Nikipisha, ninakwenda wapi?"

Mshamu alijipiga paji la uso: katika kanuni zote alizoitia, hiyo hakuwahi kuiwaza, maana aliiunda isifungwe.

Bi Somoe aliacha kucheka. Aliitazama mashine ile kwa namna ambayo hakuwa ameitazama hapo kabla.

"Unakwenda pale," alisema, akionyesha nyuma ya Likwata. "Unasimama na wenzako, unakunywa kahawa, unasema. Wote tunakaa pale."

Mgeni akainuka. Magoti yake yalilia kwa kukaa muda mrefu, na watu waligundua kwamba ni mrefu kuliko walivyodhani, akakaribia kukigonga kivuligeuzi kwa kichwa. Alipofika pale nyuma, Zuhura alimtia dele mkononi na vikombe mkono wa pili.

"Mgeni siku mbili," alimwambia. "Siku ya tatu mpe jembe. Na wewe umeshapitiliza. Mimina."

Mgeni akamimina, wala hakumwaga hata tone. Likwata akakaa kigodani mbele ya Bi Somoe, na bao jingine likaanza na kelele zake.

Saa ya mkononi ya Mshamu ilitetemeka. Ilikuwa taasisi. Walikuwa wameona huko Dodoma kwamba Mshindani Asiyefungika amefungwa, wakataka kujua haraka hitilafu imetokana na nini. Mshamu aliwaza namna ya kuwaeleza. Kisha akaandika neno moja, "Kunguni," akalituma, akaizima saa.

Lakini kabla ya kuizima aliona kitu kilichomfanya ainue uso. Mashine ile ilikuwa ikihifadhi kila bao ililocheza na kujifunza kutokana nalo, na kumbukumbu ya bao la mwisho ilikuwa imepita kwenye kioo cha saa. Maneno ya bibi kuhusu kunguni hayakuwekwa pamoja na taarifa za nyumbani. Yaliwekwa pamoja na mitaji.

Bi Somoe alikuwa anamtesa Likwata. Amebakiza zamu moja, mkono umekwisha kujaa kete, mdomo nao haujapoa. "Sina mpinzani!" alikuwa anasema. "Lindi hii, ya juu na ya chini, sina mpinzani! Nimefunga watu, nimefunga vyuma—"

"Bi Somoe," ilisema sauti ya upole kutoka nyuma, dele mkononi. "Samahani kwa kukukatiza. Nyumba yako inavuja. Maji yanatoka chini ya mlango."

"Mungu wangu, mkeka wangu!" Bi Somoe aliruka kutoka kigodani, kete zikamwagika, na kwa hatua tatu akawa katikati ya ujia.

Ujia ulikuwa mkavu. Mlango ulikuwa umefungwa kama alivyouacha.

Nyuma yake Likwata alikuwa anapiga kelele kwa sauti iliyokwisha kukatika, "Ameinuka! Ameinuka! Amepisha!" na baraza zima lilikuwa chini, watu wanagaragara.

Bi Somoe aligeuka taratibu. Aliweka mikono kiunoni. Alimtazama Mgeni kuanzia kichwa cha sufuria mpaka nyayo, na Mgeni akamjazia kikombe cha kahawa, akamnyooshea.

"Sijaona maji," alisema Mgeni. "Labda yamehama."

Bibi alifungua mdomo ajibu, na neno halikuja. Alikipokea kikombe. Kisha kicheko kikamtoka tumboni, kikubwa, kile cha enzi za winchi, akamshika Mgeni mkono wa chuma asije akaanguka.

"Mshamu!" aliita. "Mume wangu, njoo uone! Mpinzani nimempata!"